Besiboli Katika Kioo cha Oveni

Mkwe wangu hakuwa mgonjwa wa kifua, lakini kila alipofika nyumbani alikohoa. Alikohoa akiwa bado gereji, mara mbili, kwa sauti nzito ya mzee anayetaka kunena barazani, akangoja kidogo, ndipo akafungua mlango. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakusanya uzi wangu na kutoka sebuleni, nimeingia jikoni. Kwetu magharibi mwa Kenya mama mkwe na mume wa bintiye hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali wakitazamana. Si chuki. Ni heshima, ila heshima ikizidi inafanana sana na kujificha.

Hata kulala chini ya paa lake tulikuwa tumeipinda sheria, lakini mlitaka nilale wapi? Hapa Pearland, kando ya jiji la Houston, Amerika, nyumba hazina kibanda cha wageni uani. Kaka yangu mkubwa kule nyumbani ndiye aliyeamua kwamba kile chumba cha karibu na gereji, kwa kuwa kina bafu lake, kihesabiwe kuwa boma lingine. Basi nikawa naishi boma lingine ndani ya nyumba hiyo hiyo. Sebule ndiyo hatukuipinda. Mama yangu alifuata desturi hiyo mpaka anaingia kaburini, na ndoa za binti zake zote zilisimama. Mimi binti ninaye mmoja. Sikutaka kuwa mtu wa kujaribu.

Nililetwa kulea mjukuu wangu Shiku, maana binti yangu ni nesi wa zamu za usiku katika hospitali moja kubwa ya Houston, na baba wa mtoto anaendesha lori, leo Dallas kesho hapa. Mtoto akienda shule nyumba inakuwa kimya mpaka unasikia friji ikiongea peke yake. Nikafuma vitambaa. Nilifuma vya makochi, vya meza, cha redio, cha juu ya televisheni. Binti yangu akasema, mama, huku makochi hayavalishwi. Nikamwambia haya ya kwangu yatavaa.

Sasa siku moja nimekaa nafuma, nikaona kwenye televisheni wanaume wazima na kofia zao wanapiga mpira kwa rungu na kukimbia vituo. Nikaweka sindano chini. Kumbe ni raundas, wao wanaiita besiboli! Mchezo tuliocheza wasichana shuleni. Mimi shule niliacha darasa la nne, na nilichotoka nacho si hesabu, ni raundas. Siku niliyoacha mwalimu alisikitika kweli, na hakuwa anasikitikia hesabu zangu. Tangu siku hiyo timu ya Houston ikawa yangu. Tena ni mchezo unaofaa mtu wa uzi. Mpira wa miguu ukiinamia sindano umepitwa na bao, lakini huu unamaliza safu nzima na yule mtupaji bado anajikuna chini ya kofia.

Mkwe naye, kumbe, alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Aliupata Dallas miaka ya tisini, alipokuwa mgeni na hana televisheni, akawa anasikiliza redio ya lori. Timu ya kule ilimtesa. Ilikuwa ikifika mchujo inatolewa kabla hajamaliza kualika watu. Alipohamia huku akahamisha na moyo, na madereva wenzake wa Dallas mpaka leo wanamwita msaliti. Haya yote sikuambiwa na yeye. Niliyajua kwa gazeti. Alikuwa akimaliza ukurasa wa michezo anaukunja vizuri na kuuacha juu ya mashine ya kufua, na mimi nauchukua. Gazeti halina mkwe. Nilisoma neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na mjukuu akirudi shule ananisaidia yale makubwa. Mjukuu alikuwa na miaka minane na alisoma kila kitu, hata maandishi ya sanduku la sabuni.

Msimu wote tuliishi hivyo, vizuri sana, kwa sababu jioni nyingi mkwe alikuwa barabarani na televisheni ilikuwa yangu. Shida ilikuja Oktoba. Houston wakaingia mchujo, na mkwe akaomba kazini awe anarudi mapema. Nikasikia kikohozi saa ambayo haikuwa ya kikohozi.

Nikahamia jikoni na kiti changu. Hapo ndipo niligundua oveni. Mlango wake ulikuwa wa kioo cheusi, na ukikaa pembeni ya jokofu unaiona televisheni ya sebuleni yote, ila imegeuka. Wote walikuwa wa mkono wa kushoto, na wakipiga wanakimbia upande usio wao. Nikazoea. Sharti lilikuwa moja tu, oveni isiwashwe, maana taa yake inaua picha. Wiki ile hatukula kuku wa kuoka na hakuna aliyejua sababu.

Ikaja Jumapili ninayotaka kuwaeleza. Tulitoka kanisani Stafford tumechelewa, mchungaji alikuwa amekumbuka jambo baada ya kusema "na mwisho kabisa", na mchezo ulikuwa umeanza. Binti yangu alikuwa ametoka zamu, akapanda juu kulala. Lakini aliacha sheria yake: Jumapili baada ya chakula kila mtu asome, na televisheni isiseme. Mkwe akafanya mapatano na mtoto, picha iwepo, sauti isiwepo. Basi mjukuu akalala kifudifudi kwenye zulia, akatusomea kitabu cha maktaba kuhusu nyangumi, na kwa huruma yake kwangu akawa ananitupia na habari za mchezo katikati. Nyangumi anazama kutafuta chakula, nyanya, na wetu ametolewa. Nyangumi ananyonyesha, nyanya, na wale wameongeza.

Tulikuwa nyuma sana. Nikakata tamaa, nikaanza kuosha sufuria. Halafu kwenye kioo cha oveni nikaona mpira unaruka na kila mtu kituoni anakimbia, wanarudi nyumbani kama mbuzi waliosikia mvua. Tukawasogelea. Na tulipobakiza mtu mmoja tu atolewe mambo yaishe, mwingine akaupiga mpira nje ya uwanja, tukawa sawa. Mkwe akapiga kofi gotini kama mtu anayeua mbu mkubwa.

Mkiwa sawa mchezo unaongezwa. Ukaongezwa, ukaongezwa tena. Nyangumi wakaisha. Mjukuu akaanza kitabu cha vipepeo, sauti ikapungua, ikapungua, halafu nikasikia anakoroma. Na wakati huo huo jua la jioni likapita dirishani pa jikoni, likapiga oveni. Kioo chote kikawa dhahabu tupu. Sina sauti, sina picha, sina msomaji, na timu yangu iko pale nyuma ya ukuta.

Halafu mkwe akasema, kwa sauti kubwa na taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Unaona, mwanangu, wale wana mtu kituo cha pili."

Mwanangu gani? Mwanawe alikuwa anakoroma mpaka mimi nasikia.

"Na wetu aliyeingia kutupa ni mpya," akaendelea. "Mkono haujachoka."

Nikabana kicheko. Nikangoja, nikaona siwezi. Nikainamia sufuria nikaiuliza, kwa sauti iliyotosha: "Wewe sufuria, nani anapiga sasa?"

"Mwanangu," akajibu yule, "anayepiga ni yule mnene."

"Sufuria, huyo mnene anapenda mpira wa chini."

"Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo, mwanangu."

Tulizungumza hivyo muda mrefu, yeye na mtoto aliyelala, mimi na sufuria, na sikumbuki nimewahi kuzungumza vizuri hivyo na mtu yeyote Amerika. Hatukusikia ngazi. Binti yangu alikuwa amesimama hapo katikati, leso kichwani, akimtazama mumewe, akinitazama mimi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alipopata pumzi akamwambia mumewe, "Baba Shiku, blanketi liko kabatini miaka mitatu. Unangoja nini?"

Nilijua kuna blanketi. Ndiyo njia ya kufungua desturi hii: mkwe ananunua blanketi kwa jasho lake, linapokelewa na wazee, na baada ya hapo mnaweza kukaa pamoja. Alikuwa anangoja tukienda nyumbani, wazee wawepo. Nikasema kutoka jikoni kwamba bila kaka yangu sigusi kitu, hata mchezo uishe bila mimi. Nilikuwa nasema kweli, na moyo ulikuwa unauma nikisema.

Binti yangu akampigia. Kule ilikuwa usiku wa manane, na kaka akapokea akiuliza nani amekufa. Ilichukua muda kumshawishi kwamba hakuna. Akaelezwa. Akataka aelezwe tena, na mimi nikiihofia kadi ya simu. Kisha akaniuliza mimi kama mkwe amewahi kunikosea heshima. Nikamwambia mtu huyu hukohoa hata nisipokuwepo nyumbani.

"Basi blanketi ni blanketi," akasema. "Pokea, ukae upande wa mlango. Na mnipigie mniambie nani kashinda, kwa sababu mshanitoa usingizi."

Mjukuu aliamshwa, akaleta blanketi lililomzidi kimo, anajikwaa nalo. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwombea mkwe maneno machache, machache kweli kwa sababu wetu walikuwa wanaingia kupiga. Nikavuka mlango. Nikakaa kiti cha mwisho, magoti yamefunikwa, macho kwenye televisheni. Yeye alitazama mbele. Binti yangu akavunja sheria yake mwenyewe, akafungua sauti.

Sikuwa hata nimepata joto. Kijana mmoja, ambaye sikuwa nimemtilia maanani msimu mzima, akaupiga mpira ukapanda, ukapanda, na safari hii ulikwenda upande wake wa kweli. Mchezo ukaishia hapo, tumeshinda. Nilijikuta nimesimama na blanketi liko chini.

"Mama, umeuona?" mkwe akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita bila kupitia mtu.

"Nimeuona, mwanangu," nikasema. "Nimeuona kwa macho yangu."

Mwaka ule tulifika fainali, tukapigwa vibaya. Sitaieleza, waliotushinda wana watu wao wa kuwaelezea. Tuliitazama yote pamoja, mimi upande wa mlango, na gazeti akaacha kuliweka juu ya mashine. Akawa ananisomea mwenyewe, akigeuza Kiswahili, mpaka mjukuu akalalamika kwamba amenyang'anywa kazi.

Lakini kukohoa hakuacha. Siku ya mchezo uliofuata ile Jumapili ya blanketi nilisikia gereji, mara mbili, nikainuka kwa mazoea na uzi wangu. Nilifika mlangoni pa jikoni, nikakumbuka, nikarudi nikakaa. Alipoingia alisimama kidogo, akatazama viatu vyangu, si uso, akauliza nani anatupa leo.