Shati la Kaka

Mikono yangu imechoka. Nasema mapema, mtu asije kuniletea kitabu kingine. Hapa Kanyenye, kila kitabu cha nyimbo kikichanika naletewa mimi nikivishe. Kusoma sijui, shuleni niliijua kengele tu. Lakini kuvisha kitabu najua. Unapika gundi ya unga wa muhogo kwa maji ya mwarobaini, mchwa wakionja wanatema. Unapaka, unabandika kitambaa, unasugua na chupa, unakilaza chini ya jiwe la kusagia mpaka kesho.

Juzi juzi akaja wifi yangu, mjane wa kaka, kashuka treni kutoka Tura. Macho yake yameanza ukungu. Hata chai hajanywa, kafungua kanga, katoa kitabu cha nyimbo cha kaka. Jalada lote mchwa wamelila.

Wifi anaongea puani, kama mbuzi mwenye mafua. "Wifiii, nivishieee. Wenzangu kanisani wameshika vitabu, mimi nimeshika makaratasi kama muuza karangaaa."

Nikamletea mfuko wa vipande vya kitambaa vya fundi cherehani. Akapapasa kimoja kimoja, akavirudisha vyote.

"Nataka lile shati."

Nikajua lipi. Siku ya kugawa nguo za marehemu mimi dada mtu nilipewa shati la mistari, yeye akabaki na kitabu. Shati lenyewe nalikunja chini ya mto, nalilalia. Harufu ilishaisha zamani, ila bado naitafuta.

"Huna haya," nikamwambia. "Ulimchukua kaka yangu mzima, sasa unataka na shati lake?"

"Si nilimlisha akanenepa? Kwenu alitoka na mbavu tupu!"

Tukacheka. Mjukuu wangu wa kike akadakia, na ile sauti yake aliyotoka nayo Dar, maneno yanakimbizana: "Jamani Bibi, nyimbo zote ziko kwenye simu, mnajitesa nini sasa?"

"Mke mwenzangu, koroga gundi hiyo isiungue," nikamtania.

Wifi akasema, safari hii sauti haikupitia puani: "Uso wake siku hizi hata kwenye picha siuoni. Shati lile nikilishika, nitamjua."

Hapo nikachoka, si mikono tu. Nikakaa na mkasi mapajani mpaka gundi ikapoa, ikafanya ngozi juu. Nikaikoroga tena. Nikaenda kulitoa shati. Nikakata kifua, upande wenye mfuko. Mkasi wenyewe butu, nguo ikalia krrr, na mimi, sijui imenitokaje, nikaguna vile kaka alivyokuwa akiguna akiamshwa alfajiri: "Mmh. Niacheni kwanza."

Wifi akashtuka, akageuza kichwa mlangoni. Kisha akajifunika uso na kanga.

Kesho yake kitabu kilikuwa kimekauka, mfuko wa shati uko juu kabisa ya jalada, na kifungo chake. Wifi akaingiza vidole mfukoni, akavitoa, akaviingiza tena. Mikono ya shati na mgongo vimebaki kwangu, chini ya mto. Vinatosha kulalia.

Nilipomsindikiza stesheni, treni ikachelewa kama kawaida yake. Tukakaa chini, miguu inaniuma.

"Wifi," akasema, "ile sauti ya jana. Hebu rudia."

"Nimechoka, mwenzangu."

Akangoja, kitabu kifuani.

"Mmh," nikaguna. "Niacheni kwanza."