Mkwe Ndani ya Skrini

Gogo alikuwa na homa kali, lakini kitu cha kwanza alichonituma asubuhi hiyo ni kitambaa chake cha kichwa cha kanisani. Gogo ni nyanya yangu, mama wa mama, na ndiye aliyenilea. Mguu wake wa kushoto ulichomwa na kisiki cha mchai wakati wa kupogoa shamba. Akaupaka mafuta ya kupikia, akavaa gambuti, akaendelea na kazi. Kufika wadi, mguu ulikuwa umefura na kung'aa kama biringanya. Nilimwambia tukiukatakata vizuri utatosha mboga ya jioni. Alicheka kidogo halafu akageuza uso, na hapo nikajua hilo neno kukata si la kuchezea. Shida yangu ni kwamba nikiogopa, mdomo unaongeza spidi.

Kitambaa kilikuwa cha kumpokea daktari. Hospitali yetu haina daktari wa upasuaji. Yuko Kericho mjini, na siku hizi anapitia wagonjwa kwa tablet iliyofungwa juu ya kitoroli, ambayo sista, muuguzi wa wadi, anaisukuma kitanda hadi kitanda kama muuza mayai. Zamani, sista aliniambia, daktari akija, yeye sista alishika faili na kusimama nyuma. Sasa daktari ni uso tu. Mikono anaazima kwa sista.

"Anataka kuamua kitu kimoja," sista alinieleza. "Kama dawa ya mshipa inatosha, tubaki hapa. Kama ugonjwa umepanda, nyanya aende Kericho leo kusafishwa kidonda kwa kisu. Tukichelewa, huo mguu haupo."

Sista anatoka upande wa Kisii na Kikipsigis chake kinaishia kwa salamu, na gogo haongei lugha nyingine. Kwa hivyo mkalimani nikawa mimi, mtu ambaye mwalimu wake wa darasa ameandika kwenye ripoti kwamba hana breki.

Daktari akatokea, kijana mwenye miwani, akasalimia kwa heshima. Gogo, kama wazee wote wa kwetu, haongei na mgeni kabla ya kujua ni wa nani.

"Muulize watu wake ni akina nani."

Daktari alisema kwao ni Kakamega. Halafu, akitaka kumfurahisha mzee, akaongeza kwamba ameoa huku kwetu, na akataja ukoo wa mkewe. Nilitafsiri nikitabasamu. Ulikuwa ukoo wa gogo.

Gogo akavuta blanketi na kulikalia.

"Huyo ni mkwe. Mkwe haoni miguu yangu."

"Gogo, huyo ni daktari."

"Daktari aliyeoa mtoto wetu."

"Lakini yuko Kericho. Hata kukugusa hawezi."

"Macho hakuyaacha Kericho."

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema karibu nyumbani, lakini mguu huoni."

Daktari alicheka. Sista hakucheka. Alishika blanketi upande mmoja na gogo upande mwingine, kila mmoja akivuta. Daktari akasema pengine ajaribu tena jioni, kuna wadi zingine zinamngoja. Jioni ilikuwa mbali sana.

Sista akageuza tablet ikatazama ukuta.

"Daktari, usikate simu. Niulize mimi."

Gogo aliinua shingo, akahakikisha kwamba mkwe anaangalia rangi ya ukuta tu, ndipo akaliachilia blanketi.

"Weka mgongo wa mkono juu ya goti," sauti ikasema kutoka ukutani. "Kuna joto?"

"Kuna. Limepita goti."

"Jana lilikuwa wapi?"

"Chini ya goti, daktari."

"Sasa bonyeza kando ya kidonda. Unasikia kama kitu kinapasukapasuka ndani ya ngozi, kama kuna hewa?"

Sista alibonyeza akafunga macho. Sikuwa nimewahi kuona mtu akisikiliza kwa kidole. Akabonyeza tena, mahali pengine. Nilitafuta kitu cha kuchekesha kichwani mwangu, nikakosa.

"Sista?"

"Ngoja, daktari." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Nafikiri ipo. Kidogo. Siwezi kuapa."

Sauti ya ukutani ikajibu:

"Kama huwezi kusema haipo, mlete sasa. Leo bado tunaweza kuupigania huo mguu."

"Mkwe anasema nini?" gogo akauliza.

Nilimtafsiria bila kuongeza chumvi hata punje.

"Na huko atauona?"

"Huko utakuwa umelazwa usingizi, gogo."

Akafikiri. "Nikiwa nimelala, si mimi ninayemwonyesha."

Tukingoja ambulensi, sista alisimama nami kwenye veranda akiangalia kidole chake. "Zamani ningeandika mguu umefura, nikaenda zangu," akasema. "Leo nimempeleka mtu kwenye kisu kwa kidole hiki. Na kama nimekosea?" Sikujua kama aliniuliza mimi. Kisha akarudi ndani kusukuma kitoroli kwa kitanda kilichofuata.

Walimfungua gogo siku hiyo hiyo, wakasafisha. Mguu upo. Sasa tuko nyumbani, kidonda bado kibichi, na siku hizi sista ndiye aliye ndani ya skrini. Ananipigia video kwa simu yangu ya kioo kilichopasuka, naiegemeza kwa thamosi ya chai, na mikono ni yangu.

"Juu ya goti," anasema. "Kuna joto?"

Gogo ananitazama. Najua jibu analotaka ni hakuna. Naweka mkono kwa mguu usio na kidonda, narudi kwa huu mgonjwa, naenda tena kwa ule mwingine. Mkono wangu wenyewe umekuwa baridi kwa woga, kila kitu kinaonekana moto.

"Sema basi," sista anasema.

"Sina uhakika, sista."

"Sawa. Usiutoe mkono. Tulia kwanza, halafu uniambie tena."