Siku Niliyoutoa Mnyororo wa Mlango

Mke wangu ni mtetezi wa haki za binadamu, na mimi namwonea wivu. Naandika hivyo hivyo, nimeshazeeka, namficha nani? Shule niliishia darasa la tatu. Yeye karatasi za mahakama anazisoma kama mtu asomaye kadi ya harusi.

Baridi hii, maafisa wa uhamiaji walipotanda Minneapolis na watu wakaandamana kwenye theluji, nyumba yetu ya Burnsville, kusini mwa jiji, ikawa haina mwenyewe. Leo huyu anaandikiwa barua, kesho yule anafundishwa: usifungue mpaka uone karatasi yenye saini ya jaji. Somo hilo nalijua kwa moyo. Theluji yenyewe sitaki hata kuitaja, magoti yangu yaliishia kwenye kubeba mizigo ghalani, mji wa Savage.

Basi akaletwa mwalimu mmoja Mkongo, ombi lake la hifadhi halijaamuliwa, akae siku chache tu. Alikaa wiki tatu. Mpole, sikatai. Lakini wakikaa mezani na mke wangu kuandika, wanacheka. "Mnacheka nini?" nauliza. "Ah, mzee wangu, si mambo yako haya." Na mahamri ya moto anapewa yeye kwanza! "Merci, Mama," anasema, na mke wangu anatabasamu tabasamu ambalo mimi mara ya mwisho nililipata Mombasa.

Alasiri moja mlango ukagongwa, nami niko karibu nao. Kwetu mtu akibisha haachwi nje. Mdomo unasema karibu kabla hujajua ni nani. Nikasema karibu, mkono ukatoa mnyororo, nikafungua. Maafisa wawili. Mke wangu akatoka jikoni mbio, pekupeku, mikono ina unga, akausukuma mlango kwa nyonga mpaka ukafungika. Akawaambia wapitishe karatasi ya jaji kwa chini. Hawakuwa nayo. Wakagonga, wakagonga, wakaenda zao.

Mwalimu alikuwa amejificha nyuma ya kochi.

"Mazoea hayo, au umekusudia?" mke wangu akaniuliza.

"Mazoea, wallahi."

"Ata kwetu Bukavu mugeni hakataliwe, Mama," mwalimu akasema. "Usimukasirikie Papa."

Nikazidi kumchukia. Anitetee yeye, kwa mke wangu mwenyewe!

Niliapa, lakini kabla sijafungua nilisikia redio ya askari ikikoroma nje. Niliisikia, halafu ndiyo nikasema karibu. Hilo mke wangu hajalisikia kinywani mwangu. Sidhani kama anahitaji kulisikia.

Asubuhi yake mwalimu akahamishiwa Lakeville. Gari tunalo, dereva wa nyumba hii ni mimi, mke wangu hajui kuendesha. Akamwita jirani ampeleke. Mimi nilisimama dirishani na ufunguo wa gari mfukoni.

"Yuko nyumba gani huko?" nikamuuliza jioni.

"Yuko salama," akasema, na macho hakuyaondoa kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.