Nzuri Tu, Daktari

Sonona yangu ilikuwa na adabu kupita kiasi. Nilipoanza vidonge, daktari wa kliniki ya Korogwe aliniambia nirudi baada ya wiki chache. Nikapanda basi kutoka Handeni, nikarudi.

"Habari za Handeni?"

"Nzuri."

"Na dawa?"

"Nzuri tu, daktari."

Akaniandikia zilezile. Kwetu hata mtu ambaye nyumba yake inaungua hujibu "nzuri" kwanza, ndipo aombe ndoo ya maji.

Ukweli ni kwamba mimi, fundi cherehani, nilikuwa nakaa mbele ya mashine mguu juu ya pedali, na mguu haukanyagi. Ugali wa mke wangu naumeza kama adhabu. Lakini majirani walishangilia: "Dawa zimemkubali! Siku hizi hagombani na mtu." Mama mmoja alinilaumu kwamba gauni lake limembana. Nikamwomba radhi, ingawa tulijua wote kilichonenepa si gauni.

Dada yangu mkubwa akateremka kutoka Vugiri na mkungu wa ndizi. Alinitazama tangu asubuhi hadi jioni, redio ikitangaza mpira. Timu yangu ikafungwa mabao manne. Nikasema, "Ndiyo mchezo."

Dada akazima redio. "Hujamtukana hata refa? Wewe dawa haijakugusa. Kesho tunaenda Korogwe."

"Si tusubiri kidogo?"

"Tusubiri nini, uoze?"

Kliniki aliingia nami bila kuombwa. Daktari akauliza habari, nami nikafungua mdomo.

"Usimsikilize," dada akamkata. "Huyu atakwambia nzuri hata akiwa ndani ya jeneza. Muulize mara ya mwisho amefurahia nini."

Daktari akaweka kalamu chini, akauliza. Machozi yakanitoka mbele ya dada ambaye hajawahi kuniona nikilia tangu nipashwe tohara.

"Kwa muda huu tulipaswa kuona walau nafuu kidogo," daktari alisema. "Kosa langu pia, nimeuliza kama ninayesalimia." Akanibadilishia dawa taratibu, akanionya nisiache yoyote kwa uamuzi wangu, akanipangia mshauri wa kuzungumza naye.

Dawa mpya ilinikausha mdomo, nikalalamika kliniki kwa mara ya kwanza. Daktari alifurahi ajabu. Mwanzoni mwa mvua nilishona sare ya shule hadi kifungo cha mwisho, kisha nikamwomba mke wangu aongeze chai.