Viungio vya Mabehewa Kumi na Mawili

Nilikuwa nshastaafu kufundisha ufundi wa chuma pale rafiki yangu aliporudi kutoka Uingereza kumtembelea dada yake, na treni ndogo ndani ya begi. Yeye ni Mkachi, Muhindi wa asili ya Kachi, mwenye duka la vitambaa Mji Mkongwe, na tulijuana tangu chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani. Alinipandisha ghorofani kwake, akanionesha kichwa cha treni kisichozidi kiganja na mabehewa yake kumi na mawili.

"Mwalimu," akanambia, "tuijenge ile reli ya Bububu waliyokuwa wakitusimulia wazee."

Tukaijenga, kwa miaka mitatu. Kila Jumapili baada ya alasiri nilikuwa nakuja kutoka Chukwani, mkewe anatuletea chai na kachori, na sisi tunapiga msasa mbao na kubandika mlima wa magazeti na gundi. Tabu yetu ilikuwa moja tu. Treni ilikuwa ikikatika. Ikianza kupanda mlima, mabehewa ya nyuma yanaachana na ya mbele na kurudi chini kinyumenyume.

Kazi ya viungio nikaichukua mimi. Kiungio ni kile kikulabu cha mwisho wa behewa kinachoshikana na cha mwenzake. Vilivyokuja na treni vilikuwa vya plastiki, na joto la chumba kile lilivilegeza. Tukaagiza vya chuma, vyenye umbo la vidole vilivyokunjwa. Vilishika vizuri, lakini springi zake zilikuwa za chuma pia, na hewa ya bahari ilizitia kutu kabla ya miezi miwili. Hatimaye nikapata vya chuma vyenye springi ya shaba. Nikakata bati la kopo la maziwa kuwa kipimo, nikahakikisha kila kiungio kimekaa urefu mmoja kutoka kwenye reli, maana kimoja kikiwa juu kidogo huchomoka. Nikavitia kwenye mabehewa sita, nikayapandisha mlimani mara mia moja. Hayakuachana hata mara moja. Nikaandika yote kwenye daftari, na juu yake nikaandika: mabehewa yote yawe na aina moja, yasichanganywe.

Vya mabehewa sita yaliyobaki vilikuwa njiani vinakuja pale mwenye hoteli mmoja, jirani yake, alipoiona treni na kuitaka iwekwe ukumbini kwake siku ya ufunguzi. Rafiki yangu hakutaka kungoja. Nilimkuta anatia vya plastiki kwenye yale sita.

"Usichanganye," nikamwambia. "Itakatika."

"Vinafanana. Nani atajua?"

"Nshakwambia. Subiri wiki mbili, au ipelekwe na mabehewa sita tu."

"Mabehewa sita si treni, mwalimu."

Treni ilikuwa yake. Nikamwachia.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa wageni waliovaa kanzu na suti. Treni ilizunguka mara mbili, watu wakapiga makofi. Mara ya tatu ikakatika katikati ya mlima. Mabehewa sita yalirudi kwa kasi, yakaruka reli na kuanguka sakafuni moja baada ya jengine. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka.

Mwenye hoteli akauliza, "Imekuwaje?"

Rafiki yangu hakunitazama. Akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Viungio alichagua mwalimu."

Nyuso zote zikanigeukia. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema kitu. Nadhani nilikuwa nangojea aongeze neno, aseme lile la pili ambalo sote wawili tulikuwa tunalijua. Hakuongeza. Akainama kuokota mabehewa, nami nikainama kumsaidia, kama mkosa.

Jumapili iliyofuata sikwenda, wala ile ya baada yake. Miezi ikapita. Nikakutana na mkewe Darajani.

"Mbona hutupitii, mwalimu? Mwenzio anasema umesusa."

"Treni ikoje?"

"Inakwenda vizuri sasa, bado iko kule hotelini. Vile viungio vyako vilikuja, akavitia vyote. Alikuwa akisoma kwenye daftari lako."

Alisema kwa furaha, akidhani ananipa habari njema. Nikamshukuru.

Nilikwenda hotelini nikajionea. Mabehewa kumi na mawili yalikuwa yakipanda mlima bila kusita. Ukutani palikuwa na kibao kinachomtaja aliyeijenga reli ile. Jina lilikuwa moja, nalo si langu.

Mwaka huu mimi na rafiki yangu tulikaa mkeka mmoja kwenye harusi. Akaniuliza hali, nikamjibu. Akanisogelea.

"Njoo uitazame ile treni. Siku hizi inaruka reli kwenye kona, na mimi sijui pa kuanzia."

"Macho yangu hayaoni vitu vidogo tena," nikamwambia.

Ulikuwa uongo. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemtilia mke wangu uzi kwenye sindano. Mwenzangu alinitazama kwa huzuni, kama mtu aliyedhulumiwa, na kwa kitambo kidogo nikaona raha. Pilau ilipoletwa nilikula tonge mbili tu, nikaaga.