Lango Tulilolipigia Ban

Asije mtu kuniambia kwamba wazazi wa Bukavu hawajui kukubaliana. Wanajua sana, ndiyo taabu yenyewe. Nimekaa kwenye mikutano ya wazazi ya shule ya binti yangu, na sijaona watu wanaokubaliana upesi namna ile juu ya upuuzi.

Shule imejengwa kwenye mteremko, kama karibu kila kitu katika mji huu. Juu kuna barabara na ofisi ya direkteri, yenye pazia la maua. Katikati madarasa. Chini kabisa, ambako mgeni hafiki, kuna choo cha watoto. Niseme kilivyo, msinikasirikie. Shimo limejaa. Mvua ikinyesha, na hapa inanyesha kweli, uchafu unapanda, unatokea chini ya mlango na kutiririka hadi kwenye migomba ya jirani. Upande wa wasichana mlango wenyewe haupo, zimebaki bawaba. Funza wanatambaa ukutani. Nilishuka kukiona kwa macho yangu, nikapanda nimeziba pua kwa kitambaa, na harufu ile nililala nayo. Pfuu!

Binti yangu alikuwa darasa la sita, na mwaka ule alianza kuwa mwanamke, mnanielewa. Akaacha kuingia mle. Asubuhi hanywi chai, mchana hanywi maji, anajikaza mpaka nyumbani, anatupa mkoba mlangoni na kukimbia uani. Ikafika siku akakojoa damu. Daktari akasema mbele yake kwamba akiendelea kujibana hivyo ataharibu figo. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Maman, kama habatengeneze kile choo, mi sirudi kule tena." Hakusema kwa hasira. Alikuwa wa kwanza darasani na alijua anachokitupa.

Nikamwomba anivumilie mpaka mkutano mkuu, ule ambapo wazazi tunaamua michango yetu ifanye kazi gani.

Sasa, kwetu hatupigi kura. Tunapiga ban. Mtu akimaliza kusema, anayeongoza anapaza sauti, "Tumupigie ban!", na ukumbi mzima unapiga makofi kwa mpangilio, pa-pa-pa, pa-pa-pa, kisha kofi moja kubwa la kufunga. Tunapiga kanisani, tunapiga harusini, tunampigia hata mtoto aliyesoma shairi. Kwenye mkutano, jambo likishapigiwa ban limepita, na atakayenyanyua mkono baada yake anaonekana hana adabu.

Nikasimama. Nikasema yote, funza, mlango, damu. Sikumtaja binti yangu, nilisema tu "mutoto mumoja", lakini sauti ilinisaliti. Mama mmoja mbele yangu akafuta machozi. Prezidenti wa komite, papa mnene mwenye sauti tamu ya redioni, akainuka polepole, mkono kifuani.

"Maman, umetugusa roho," akasema. "Hii njo maneno ya muzazi wa kweli. Bazazi, tumupigie maman ban!"

Wakanipigia, mabati yakatetemeka. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikaketi nikitabasamu, nikidhani choo kimepita. Kumbe walikipigia kinywa changu! Walinishukuru kwa kusema vizuri, na kwa shukrani ile wakawa wamemalizana nami.

Makofi hayajapoa, papa yule akaendelea. "Sasa tuingie mu mambo yenyewe. Lango." Shule ya jirani imeweka lango la chuma, jina limeandikwa juu kwa rangi ya dhahabu. "Na siye? Mutu akipita ku barabara anaona nini? Miti mbili na kamba! Ni haya, bazazi. Choo, nani anaiona?"

Nikanyanyua mkono.

"Maman, ulishasema. Na tulikupigia ban."

Watu wakacheka, tena kicheko cha upendo, na hicho ndicho kilichonichoma. Yule mama aliyefuta machozi akageuka, akanivuta kikwembe nilichojifunga, nikae chini. "Ikala, dada. Mwaka kesho." Machozi yake hayakuwa yamekauka bado. Kisha akageukia mbele na kulipigia lango ban kwa nguvu zake zote.

Nilikunja ndita mpaka nyumbani. Nilimwambia binti yangu maneno ambayo mama yeyote angesema: jikaze kidogo, nitasema tena. Akarudi shuleni kwa sababu nilimwomba.

Lango likaja. Likapakwa bluu, chini yake wakamwaga sementi laini kabisa, safi kuliko sakafu ya sebule yangu. Ili lizinduliwe wakaalika mkubwa mmoja wa elimu, na binti yangu akachaguliwa kumpa maua, maana Kifaransa chake hakikwami. Wakamsimamisha pale katikati ya sementi tangu asubuhi, shati jeupe, sketi ya bluu, maua mkononi. Mgeni akachelewa, kama wageni wakubwa wanavyojiona wana haki ya kuchelewa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara pamoja na wazazi wengine. Nikamwona anabadilisha mguu. Nikamwona anaangalia chini kule mteremkoni, kisha anaangalia mbele tena. Nikaanza kusukuma watu nipite. Gari la mgeni likanitangulia.

Alimpa maua. Alisema maneno yake yote ya Kifaransa bila kukosea. Na aliposema la mwisho, mkojo ukamtoka, ukashuka miguuni, ukaingia kwenye soksi nyeupe, ukasambaa juu ya sementi ile mpya.

Watoto wakalipuka kwa kicheko. Prezidenti akamshika mgeni kiwiko, akamzungusha pembeni ya lile dimbwi akisema, "Huku, Excellence, huku," na kwa mkono mwingine akawapungia watu wapige ban, ili kicheko kisisikike. Wakapiga, jamani. Nilifika kwa mtoto wangu katikati ya makofi. Nilivua kikwembe changu cha juu, nikamfunga kiunoni, tukapita katika lango lao tukaenda. Hakuna aliyetufuata.

Jioni prezidenti akaja nyumbani na chupa mbili za sikre, soda baridi. Nilifikiri amekuja kuomba msamaha. Akaketi, akapangusa jasho, akatabasamu.

"Maman, usihangaike," akasema. "Niliona picha. Haionekane hata kidogo. Bamekata pale chini, inabakia paka lango na maua tu."

Alisema kwa upole, kama mtu aletaye habari njema. Ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka natema mate. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Binti yangu akatoka, akapokea chupa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Aksanti, papa," akamwambia, maana ndivyo tulivyomlea.

Asubuhi nilimkuta anaosha vyombo uani. Sare yake ilikuwa imekauka kwenye kamba. Kengele ya shule ikasikika kule juu, akaendelea kusugua sufuria, na mimi nikakosa mdomo wa kumwambia avae.