Asubuhi Mbili za Kukata Satini

Akili yangu huamka saa kumi na mbili asubuhi na kufa saa tano. Sijui kwa nini. Fundi aliyenifundisha kushona pale Kitale, nilipomaliza kidato cha nne, aliligundua hilo kabla yangu. "Wewe mchana ni gogo," aliniambia. "Kata asubuhi. Mchana shona vifungo, pinda, piga pasi." Nilifanya hivyo miaka mitatu, na sikumharibia mteja hata shati moja.

Kisha nikaolewa Bungoma, upande wa Bokoli. Huko asubuhi si ya mke, ni ya shamba. Ukionekana uani wakati umande ungali kwenye mahindi, majirani wanauliza kama u mgonjwa. Nikakubali. Nilishona sare zilizokuja zimeshakatwa, za kukata nikazikataa.

Mwaka jana mama yangu mzazi akaugua tumbo, kule Kitale. Madaktari walipoacha kutaja dawa wakaanza kumuuliza anapenda chakula gani, alielewa. Akanunua satini ya samawati, ile inayong'aa upande mmoja, akanipa.

"Nishonee gauni la kuzikwa nayo," alisema. "Lakini harakisha. Nataka kuivaa mara moja nikiwa hai. Wengine huvalishwa tu kama gunia."

Nilicheka. Yeye pia.

Kule Bokoli ulikuwa wakati wa palizi. Nikamwomba mama mkwe asubuhi mbili.

"Za nini?"

"Nikate nguo ya mama."

"Si utakata mchana? Mkasi inajua saa?"

"Mama, mchana kichwa yangu haiko."

"Ati haiko! Imeenda wapi, sokoni?" Akacheka mpaka jirani wa ng'ambo ya ua akacheka. "Magugu haingoji kichwa, bana. Chukua jembe."

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Aliendelea kunywa chai.

Basi nikakata saa nane mchana, mgongo ukiniwaka, mtoto akilia. Nilipima, nikachora chaki, nikakata. Nilipolaza vile vipande viwili vya mbele nikaona: vyote ni vya upande wa kulia. Nilisahau kugeuza karatasi ya kipimo. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Na satini haina msamaha. Ukigeuza kipande, ule upande uliofifia ndio unaotazama watu.

Nilizunguka Bungoma mjini duka kwa duka. Samawati zilikuwepo, lakini si ile. Nikampigia mama nikamdanganya kwamba cherehani imeharibika.

"Basi pole pole, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa imeshapungua.

Muuzaji mmoja wa Kiminini alinipatia kitambaa kilekile siku ya nane. Siku ya tisa, alfajiri, kaka yangu akapiga simu. Mama alikuwa amefariki.

Asubuhi hiyo hakuna aliyenitajia jembe. Mama mkwe mwenyewe alimbeba mtoto, akanifungulia dirisha nipate mwanga. Nikashika mkasi saa kumi na mbili. Kufikia saa tatu vipande vyote vilikuwa tayari, na adhuhuri gauni lilikuwa linaning'inia ukutani. Sijawahi kukata vizuri vile. Nililia, na sehemu kubwa ya kilio ilikuwa hasira. Asubuhi moja tu! Hata ile ya pili sikuihitaji.

Mama mkwe akalishika pindo.

"Imetoka safi. Kumbe unaweza."

"Nilikuomba, Mama."

Akamhamishia mtoto bega la pili, akatoka nje.

Kule mochari Kitale, mimi na shangazi ndio tuliomvalisha. Shangazi akasema, "Tazama lilivyomkaa."

Halikumkaa. Wiki zile alikuwa amekonda hadi mabega ya gauni yakapita mabega yake. Nilimwinua kidogo, nikakusanya kitambaa kilichozidi, nikakibana mgongoni kwa pini nne, mahali ambapo waombolezaji hawangeona.